Mama Fuwele na Vichupa vya Juu ya Kabati

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, mkuu wa chumba chetu cha eksirei atavua koti jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Kwenye faili lake la ajira ana jina refu na vyeo viwili. Humu ndani, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, anaitwa Mama Fuwele, na hata yeye akipokea simu ya mezani kwake huitika kwa jina hilo hilo.

Kwa ndugu na wageni watakaosoma ukurasa huu, kazi yake ilikuwa hivi. Mtu akitengeneza dawa, rangi au kemikali yoyote, hutaka kujua molekuli yake ina umbo gani: atomi ipi imeshikana na ipi, na imeelekea wapi. Molekuli haionekani kwa jicho wala kwa hadubini. Lakini molekuli nyingi zikikubali kujipanga safu kwa safu mpaka ziwe fuwele, yaani chembe ngumu yenye pembe kama punje ya sukari, unaipiga eksirei, miale inatawanyika na kuacha madoa, na kwa madoa hayo unakokotoa mahali ilipo kila atomi. Ukiisikia hivyo utadhani ni kazi ya asubuhi moja. Ugumu wote umo katika neno "zikikubali".

Alifika kwetu akiwa binti mwembamba mwenye shahada mpya na haraka nyingi. Haraka hiyo ilimtoka mwaka ule ule wa kwanza. Mkemia wa ghorofa ya pili alimletea fuwele ya kupendeza, angavu, yenye pembe za mraba na kingo kama zilizopigwa msasa. Akaipachika mashineni, akakusanya vipimo kutwa nzima, akamwalika mkurugenzi wa wakati huo aje ashuhudie. Jibu lilipotoka lilikuwa safi kabisa, halina kasoro hata moja. Ilikuwa chumvi ya jikoni. Mkurugenzi aliitazama picha kwa heshima zote, kisha akauliza kama maabara ina mpango wa kuchunguza na pilipili. Tangu hapo hakuna fuwele iliyopimwa kikamilifu humu kabla ya kupimwa harakaharaka na kulinganishwa na vitu vinavyojulikana. Wageni wakiusifu utaratibu huo, Mama Fuwele hujibu kwamba umetokana na uzoefu, kisha hubadilisha mazungumzo.

Lakini kisa kinachostahili kuandikwa ni cha tembe za presha.

Kiwanda kimoja cha dawa kilituletea unga. Tembe zao, zilizokuwa zikiyeyuka vizuri miaka yote, ghafla ziligoma. Wagonjwa walimeza, na presha ikabaki pale pale. Vipimo vya kawaida vilionyesha dawa ni ile ile na ni safi, lakini uongozi wa kiwanda ulishaamua kwamba msimamizi wa uzalishaji amechezea malighafi. Alikuwa amesimamishwa kazi, na kesi ilikuwa njiani. Alikuja kwetu mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha pembeni bila kuegemea.

"Mama, mimi sijabadilisha kitu," alisema. "Lakini hata mke wangu ameanza kuniuliza."

Mama Fuwele hakumwahidi lolote. Alimwomba tu unga zaidi.

Aliuyeyusha katika maji na spiriti, akaugawa katika vichupa, akatoboa vifuniko kwa sindano ili maji yapungue polepole. Molekuli zikikimbizwa hurundikana ovyo. Vichupa vya kwanza vilitoa vumbi. Vya pili vilitoa nyuzi nyembamba kama nywele, tena zimesokotana. Vya tatu vilitoa fuwele pacha, yaani mbili zilizoota zikiwa zimeng'ang'aniana, kila moja ikivuruga madoa ya mwenzake. Mama Fuwele alikaa akavitazama, akaona maji yanatetemeka. Ukutani kwetu, upande wa pili, hupita lifti. Aliomba lifti ifungwe kwa muda. Mkurugenzi, ambaye ofisi yake iko juu kabisa na magoti yake si ya kupanda ngazi, alikataa kwa maneno laini sana.

Basi, kwa kuwa vitu vyenyewe havikuwa na hatari, aliomba ruhusa akavipeleka nyumbani. Mume wake ni mwalimu wa muziki, kwa hiyo sehemu kubwa ya nyumba ile haikuwa na amani ya kumfaa hata paka. Chumba kilichotulia kilikuwa cha mama mkwe, mwisho wa korido. Aliviweka juu ya kabati zito, akavifunika kitambaa cheusi visipate vumbi. Alisahau jambo moja tu: kumwambia mwenye chumba.

Aliyeviona ni wifi yake, alipopanda kwenye kiti kutafuta sanduku la safari. Aliona vichupa vidogo vya maji yasiyo na rangi, vifuniko vimetobolewa kwa sindano, vimefunikwa nguo nyeusi, na vyote viko juu ya kichwa cha mama yake mzazi anapolala. Mama Fuwele aliporudi kutoka kazini alikuta ukoo umeshajaa sebuleni, na kiti chake kimewekwa katikati.

"Mke wa mwanangu," mama mkwe alianza taratibu, "nimekukosea nini?"

Mume anasema mkewe alichagua maneno yasiyofaa kabisa. Alianza na molekuli, shemeji mmoja akamtaka azitaje zote kwa majina. Akahamia kwenye eksirei, na hapo wifi akataka kujua mama amepigwa picha lini na kwa idhini ya nani. Ilifika mahali mjomba mmoja akapendekeza vichupa vimwagwe mtoni, na mwingine akapinga kwa kuwahurumia samaki.

Mwishoni Mama Fuwele aliiacha sayansi.

"Mama," alisema, "kuna baba wa watu anakaribia kufungwa bure. Hivi vichupa ndivyo vinavyoweza kumtetea. Vinahitaji mahali pasipotikisika, na katika nyumba hii yote mahali hapo ni kwako tu. Kosa langu ni kutokukuomba."

"Ungeniambia, tungevilinda wote," mama mkwe alisema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe, tarumbeta lako lisilie humu ndani."

Mlalamikaji akageuka askari. Watu walipita korido ile wakiwa wameshika viatu mkononi. Wifi, aliyefichua jambo lenyewe, alikatazwa hata kufagia karibu na mlango. Mume, ambaye mashati yake yalikuwa ndani ya kabati hilo, alifundisha siku nyingi na shati moja, mpaka wanafunzi wake wakaanza kumhurumia. Asubuhi moja simu ya maabara ililia, nikaipokea mimi.

"Mwambie mkwe wangu kuna kitu kimeota," sauti ilisema. "Kina pembe."

Nilienda na Mama Fuwele kuvichukua kwa gari la ofisi, naye akavipakata mapajani. Tuliendesha kwa mwendo ambao waenda kwa miguu walitupita, na baadhi yao wakatupa pole.

Katika kichupa kimoja kulikuwa na fuwele mbili. Ya kwanza ilikuwa kamili. Kazi inayofuata ni ya kushika pumzi: fuwele huwekwa kwenye tone la mafuta mazito, huchotwa kwa kitanzi chembamba kama kope, kisha huwekwa mbele ya hewa ya baridi kali ili eksirei isiiharibu. Mama Fuwele alikuwa ameinama kwenye hadubini, anaitoa kichupani, pale mkurugenzi alipoingia kuona maendeleo, akapiga chafya.

Fuwele ikatoweka. Tulitambaa wote sakafuni, mkurugenzi naye akiwa amelala kifudifudi na suti yake, tochi mkononi, akieleza chini ya meza kwamba hana mafua, ni manukato ya mtu kwenye lifti. Hatukuipata. Mama Fuwele hakupandisha sauti.

"Bwana mkurugenzi," alisema, "mlango uko nyuma yako."

Ilibaki ya pili, nayo ilikuwa pacha. Akachukua wembe, akaitafuta ile mishono ya kuungana kwake chini ya hadubini, akaikata. Nusu moja ilipasuka vipande vipande. Nusu ya pili ikasimama.

Madoa yalitoka safi. Picha ilionyesha kwamba kila molekuli ya dawa ilikuwa imeikumbatia molekuli ya maji, na kwa pamoja zimefungamana kiasi cha kukataa kuachana ndani ya tumbo la mgonjwa. Alipoulinganisha unga mbovu wa kiwanda, ukawa ni kitu kile kile. Hakuna mtu aliyebadilisha malighafi. Unyevu wa hewa ndio ulioibadilisha dawa. Wakaguzi walikwenda kwenye chumba cha kukaushia wakakuta mashine ya kuondoa unyevu imekufa, na hakuna aliyejua. Ilitengenezwa, tembe mbovu zikarudishwa kutoka madukani, na msimamizi akarejeshwa kazini kwa kuombwa radhi mbele ya wafanyakazi wote.

Alikwenda nyumbani kwa Mama Fuwele kushukuru, pamoja na mke wake, ambaye hakuwa akiuliza tena. Mama mkwe alizipokea shukrani zote kabla hazijamfikia mwingine.

"Haikuwa kazi rahisi," aliwaambia. "Nililala chali siku zote hizo."

Baada ya hapo Mama Fuwele aliongoza chumba hiki kwa miaka mingi. Alitupatia mashine mpya inayofanya kwa saa chache kazi ya wiki nzima, akawafundisha wengi ambao leo wanaongoza maabara zao, na akatuzoesha kusema "sijui bado" bila aibu. Aliyemletea unga mbovu hakumcheka. Aliyemletea jibu la kubuni alimrudisha akaanze upya, na akampa chai kwanza.

Mama, tunakushukuru kwa subira uliyotumia kwetu, ambayo kwa kweli ilizidi ile uliyotumia kwa fuwele. Tunakuombea afya, usingizi mzito na asubuhi zisizo na ratiba. Katika likizo yako hii ya mwisho umeshapiga simu mara kadhaa kuuliza mashine inaendeleaje. Ukipiga tena baada ya Ijumaa tutakwambia inaendelea vizuri, na siku ambayo si kweli, tutakuja kukuchukua.