Nilivyofuta Salamu, Ng'ombe Akasimama

Kamwene, ndugu zangu! Bwana apewe sifa! Nimesimama hapa kushuhudia, ila niseme ukweli, mpaka sasa sielewi vizuri nashuhudia nini. Nivumilieni tu.

Wengi mnanijua, mimi ni Mama Upendo wa hapahapa Ipogolo. Napokea simu kwenye ushirika wetu wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mfugaji akipata shida anapiga, mimi natafuta jibu kwenye kompyuta, kwenye maelezo waliyoandika madaktari wetu wa mifugo, namsomea. Mwaka jana ofisi ikatuletea akili mnemba. Tukaambiwa, uliza kama unavyomuuliza mtu, itakutafutia waraka unaohusika. Tulishangilia! Tuliiombea hata!

Ndugu zangu, ilinitesa. Nauliza habari za kupe, inanipa hotuba ya kumuaga mwenyekiti. Nauliza kiwele kilichovimba, hotuba ileile. Nikasema labda nimerogwa!

Siku moja akapiga mzee mmoja jirani yetu. Ng'ombe wake alikuwa amezaa jana yake, sasa amelala, hainuki. Nikauliza mashine. Hotuba ya mwenyekiti! Nikauliza tena, kwa adabu zaidi. Mwaliko wa ibada ya shukrani! Madaktari walikuwa vijijini Mufindi, simu hazipatikani. Mzee akachoka kusubiri, akamnywesha ng'ombe dawa kwa chupa, ikaingia kwenye mapafu. Ng'ombe akafa mimi bado natafuta. Na waraka ulikuwepo! Ulikuwa mlemle ndani, umeandikwa kabisa kwamba asinyweshwe kitu. Nililia sana.

Nikafunga na kuomba. Nikaweka mkono juu ya kompyuta, nikakemea. Chekeni tu. Hakuna kilichobadilika.

Ndipo akaja fundi wa mifumo kutoka ofisi ya Mbeya, dada anaitwa Tumaini. Akakaa nyuma yangu anitazame nikiuliza. Nikaandika kama siku zote: "Bwana asifiwe. Habari za kazi? Samahani kwa usumbufu. Nina swali dogo kuhusu ng'ombe asiyeinuka."

"Mama, kumbe huwa unaisalimia?"

"Sasa nitaanzaje kuuliza bila salamu? Mimi nimelelewa!"

Hakucheka. Akafungua nyaraka zetu mojamoja. Za kupe, za chanjo, za uzazi, zote zinaanza sawa: Bwana asifiwe, habari za kazi, tunamshukuru Mungu kwa uzima, tunawashukuru viongozi wetu. Ugonjwa unatajwa chini kabisa. Ndivyo tunavyoandika sisi, hata matangazo ya hapa kanisani mnayajua! Tumaini akanieleza kwamba mashine ile inapima waraka kwa maneno yake ya mwanzo, na swali langu nalo karibu lote lilikuwa salamu. Basi ikawa inanitafutia anayesalimia kunizidi. Nani ataishinda hotuba ya kumuaga mwenyekiti?

"Zitoe zote, mama. Waraka uanze na ugonjwa. Na wewe uliza ugonjwa."

Nifute jina la Bwana? Nilikasirika! Nikamwambia, dada, huyo ni ibilisi anakutumia. Lakini nikamkumbuka yule mzee na ng'ombe wake, nikaanza kufuta. "Bwana asifiwe," nafuta. "Bwana nisamehe," nafuta nyingine. Nikafuta mpaka waraka wa mwisho.

Haikupita muda akapiga Mama Neema wa Nyololo, mjane, analia.

"Dada, ng'ombe yangu imezaa jana, saa hizi imelala, shingo imekunja, masikio ya baridi. Ndiyo inanilishia wajukuu. Nimeshika chupa hapa, nainywesha."

Hata yeye sikumsalimia! Nikaandika tu: ng'ombe hainuki baada ya kuzaa. Waraka ukaja wa kwanza.

"Weka chupa chini!" nikapiga kelele. "Usimnyweshe kitu! Mkalishe kwa kifua, asilale ubavu, mwegemeze magunia ya majani. Hiyo ni homa ya maziwa, daktari anakuja na sindano."

Safari hii daktari alipatikana. Akamkuta ng'ombe yuko hai, akampa dawa ya mshipa, na ng'ombe akasimama. Haleluya!

Sasa ndugu zangu, nisaidieni. Nilipolitaja jina la Bwana, ng'ombe alikufa; nikafunga na kuomba, mashine haikubadilika. Nilipolifuta, ng'ombe alisimama. Nimemuuliza mchungaji, amecheka tu. Ninachofikiri ni kwamba Bwana hakuwa anahesabu nimemtaja mara ngapi. Alikuwa anamtazama Mama Neema ameshika chupa. Lakini basi, na yule mzee je? Hakumtazama? Sijui. Nachanganyikiwa, na namshukuru hivyohivyo nilivyochanganyikiwa. Na wewe uliyejibiwa kwa njia inayokukera, mwamini Bwana, utaelewa baadaye, au hutaelewa.

Mzee mwenyewe yuko hapa, amekaa karibu na mlango. Baba, kwako sina ushuhuda, nina pole tu. Ila Mama Neema ametoka Nyololo asubuhi, amenituma niseme mbele ya kanisa: ndama aliyezaliwa na ng'ombe wake ni jike, na akiacha kunyonya, uje umchukue.