Fomu Iliyoenda Kulia

Benchi liko mbele ya saiba ya Chepchirchir, duka lake la intaneti hapa Kapkatet, ubao mmoja juu ya matofali, na kando yake Nyathira anauza chai ya thamosi. Ndani ya saiba kuna laptopu moja ya Linux na skrini kubwa upande wa kulia. Chepchirchir huandika kwenye laptopu, mteja hukaa kulia. Fomu ikijaa, Chepchirchir hubonyeza kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kulia, na dirisha linarukia kwa mteja. Mteja anasoma jina lake, anarekebisha, kisha fomu inatumwa kutoka hapo hapo. Miaka miwili vidole vya Chepchirchir vimefanya hivyo. Leo saa tano na robo alirusha kulia fomu ya msichana mmoja, Chepkorir, stima ikacheza, na skrini ya kulia ikawa nyeusi. Taa yake ndogo ya chini bado ilikuwa inawaka.

Alipotoka nje, benchi lilikuwa limeshasikia.

— Zima uwashe, Naftaly akasema. Alikuwa mtu wa boila katika kiwanda cha chai mpaka alipostaafu, na jina la Boila lilimfuata hadi hapa.

— Nikizima fomu inapotea, Boila. Tumeijaza tangu saa mbili na hiyo net ya kusukuma.

— Haraka haraka haina baraka.

— Inafungwa saa sita.

— Si ndiyo nasema.

Chepkorir alikuwa amesimama mlangoni na bahasha ya vyeti kifuani. Fomu ni ya chuo cha uuguzi. Mwaka jana alichelewa siku moja.

— Una uhakika bado iko? Nyathira akauliza, akimimina chai.

— Iko, mama. Nikishika Alt na Tab naona kapicha kake. Nikikachagua, kanaenda hapo kwa giza. Mausi pia inaingia huko, siioni tena.

— Chomoa ile waya ya skrini, Gekara akasema. Yeye hutengeneza simu kwenye kibanda cha jirani, wanamwita Waya.

— Wacha, Naftaly akamkata. Mashine ikizunguka haichomolewi kitu. Sisi kiwandani kijana mmoja alichomoa, tukakaa siku tatu bila kukausha majani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu la nani, Boila? Hii ni laptopu.

— Wewe chomoa. Ikizima, utamjibu huyu msichana.

Gekara akamtazama Chepkorir, akaacha.

— Basi shida ni hii Linux, akasema. Ni ya bure. Kitu ya bure haina boma. Madirisha inatembea tu.

— Inatembea mpaka wapi? Nyathira akauliza.

— Kulia. Skrini ikikosa, inaendelea kulia.

— Kulia kwetu ni Ndanai, Naftaly akasema polepole.

— Eeh. Na Ndanai kuna saiba.

— Kwa hivyo fomu iko kwa saiba ya Ndanai.

— Kama haijapita.

— Na mtu wa huko akibonyeza kutuma na jina lake? Mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Kisima gani sasa, Boila?

Chepkorir akaketi kwenye ngazi. Chepchirchir akaangalia simu: saa tano na dakika arubaini na moja. Akapiga simu tena. Binamu yake Eugene, aliyeweka hiyo Linux, simu yake ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

Mzee mmoja akafika na karatasi za mifugo mkononi. Hakuna aliyemjua.

— Chamgei, akawasalimu.

— Chamgei mising, mzee. Keti, Naftaly akasema. Tuko na shida ya mitambo.

Wakamweleza, Gekara upande huu na Naftaly upande ule, mpaka Ndanai. Mzee akasikiliza hadi mwisho.

— Hiyo mshale iko moja?

— Ni nne, mzee, Chepchirchir akasema. Natumia ya kulia. Hiyo ndiyo Eugene alinionyesha.

— Na ya kushoto, ukishika hivyo hivyo, inafanya nini?

Nyathira akamtazama Chepchirchir, na Chepchirchir akagundua kwamba katika miaka miwili hakuwahi kuhitaji fomu irudi.

Akaingia ndani. Alt na Tab, kale kapicha, akakachagua. Kisha Windows, Shift, mshale wa kushoto.

Dirisha likarudi, na jina la Chepkorir juu yake.

— Kuja ukae hapa kwa kiti yangu, akamwambia. Soma yote kwanza.

Chepkorir alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Akapata namba moja ya simu imekosewa, wakaisahihisha. Saa tano na dakika hamsini na mbili fomu ilikwenda, na ujumbe wa kuipokea ukaingia. Chepkorir akaweka bahasha mezani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

— Mzee, leta hizo karatasi, Chepchirchir akaita. Nikutolee kopi.

Nje, benchi lilikuwa bado linajadili mishale.

— Kulia tumejua, Gekara akasema. Kushoto tumejua. Na hiyo ya juu inapeleka wapi?

— Longisa. Huko pia kuna saiba, Naftaly akasema, akinyoosha kikombe.

Nyathira akatikisa thamosi. Ilikuwa tupu.