Paskalina Aandikwe Fungu la Kitanda

Sogeeni, wanangu, kaeni hapa mkekani karibu na kichwa changu, maana sauti imeanza kunikimbia na mkutano wa chama ni leo saa nne, na nisiposema sasa Pantaleo ataondoka akafanye alilokusudia. Niliwasikia jana, wewe Pantaleo na mdogo wako Klara. Kuta za nyumba hii haziendi mpaka juu, mlidhani nimelala. Ulisema, "Mama abaki fungu la kitanda, binti yangu Paskalina tumshushe la jeneza mwaka huu, yule mtoto hana hata mafua." Sauti ilikuwa yako, mwanangu, lakini maneno yale niliyasema mimi kabla yako, na sitaki nife bila kuwaambia yalinifikisha wapi.

Chama chetu cha watu wa Ndanda tulio humu Kariakoo mnakijua. Fungu la jeneza ni rahisi, shilingi moja kwa mwezi kwa kila jina, na ukifa unapata jeneza, sanda, gari na wali wa waombolezaji. Fungu la kitanda ni shilingi tano, na hilo humwangalia mtu angali hai: teksi, maziwa, na dawa ya kununua dukani pale hospitali inapoishiwa. Ukishaandikwa, hubadilishi mpaka mwaka mwingine.

Mwaka ule wa unga wa njano, vitumbua vyangu vilipokuwa havitoki kwa kukosa mchele na sukari, nilimwendea Theophil, yule fundi cherehani katibu wetu, nina majina matatu na pesa ya vitanda viwili. Wewe Pantaleo ulikuwa na pumu. Klara homa ilikuwa haimtoki. Selina, aliyekufuata wewe, alikuwa na mikono ya kutwanga debe zima bila kupumzika. Theophil akauliza, "Mama Pantaleo, huyu wa tatu nimwandike wapi?" Kabla sijajibu, Selina, beseni kiunoni, akadakia, "La jeneza, baba! Si mimi ndiye nitakayewazika hawa wagonjwa wagonjwa?" Tulicheka, Theophil akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Nikasema, "Andika, huyu hana hata mafua."

Masika yakaja, maji yakajaa Jangwani, Selina akashuka kumsaidia rafiki yake kuhamisha vyombo, na wiki mbili baadaye akashikwa na homa ya tumbo. Hospitali ilikuwa bure, kitanda bure, lakini dawa ilikuwa imekwisha. Daktari akaandika karatasi, akasema itafuteni madukani. Vidonge vilikuwa vya siku kumi. Pesa yangu ilitosha siku nne.

Nilikwenda kwa Theophil, nikapiga magoti kwenye vitambaa vyake. Akafungua daftari, akasema, "Dada, nikikufungulia wewe, kesho watanijia wote wa shilingi moja, na wagonjwa wa shilingi tano nitawapa nini?" Nilimtukana. Nilimtukania mpaka mama yake. Siku ya nne homa ikashuka, tukashukuru. Siku ya saba ikarudi, na alfajiri ya siku ya tisa mdogo wako akaniambia, "Mama, nina kiu," nikainuka kumpa maji, nikageuka, hayupo.

Na chama, wanangu, hakikupunguza hata neno moja katika lile tulilolipia. Jeneza lilikuwa la mninga, limepigwa msasa likang'aa. Gari lilifika kwa saa yake. Wali ulitosha mpaka watoto wa mtaa wa pili. Nilikaa pale nikiutazama wali.

Basi kosa langu lijueni vizuri. Niliuliza bei kwanza, na nilipoipata sikuuliza tena kitu kingine. Niliwatazama walioumwa jana, nikadhani ndio watakaoumwa kesho. Klara, ukikatia mtu fungu lolote, uliza kwanza kisicholipwa.

Mimi tumbo hili daktari amekwisha kuniambia halina dawa. Fungu la kitanda litaninunulia maziwa nisiyoweza kuyameza. Niandike la jeneza, Pantaleo, leo. Paskalina aandikwe kitanda. Watu watasema umemnyima mama yako dawa. Waache waseme, mimi ndiye niliyekutuma.

Nipeni maji kidogo... Hapo, inatosha.

Karai la vitumbua ni la Klara. Kitanda changu cha besera, hiki cha nguzo nne, ni chako Pantaleo, usikiuze. Mama Saadiya wa duka la kona alitupa kibaba cha sukari na maziwa Selina alipougua, hakuwahi kudai; mrudishieni. Na Theophil, miaka kumi tunapishana uchochoroni simwamkii. Mwambieni aliandika nilichomwambia. Mwambieni aje, kama atawahi.

Msinitandikie shuka jipya. Msilie kwa kelele, Paskalina ataogopa. Njoo, mjukuu wangu, lete kichwa... huyo ana kichwa kizito, huyo. Mungu awalinde, awape... awape afya, na siku mtakayokosa afya, awape mtu wa... Pumzi, wanangu. Ngojeni.

Awabariki nyote. Basi.

Pantaleo? Mbona bado naisikia pumzi yako hapa? Saa nne inafika. Vaa viatu, baba. Nenda.