Sista Persis na Habari za Jana

Sista Persis Kwamboka anastaafu tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kumi na minne kati ya hiyo ameitumia katika kliniki yetu ya afya ya akili, kile chumba cha mwisho ambacho wageni hukipita haraka wakijifanya wanamtafuta daktari wa meno.

Alianza mwaka 1967 katika wodi ya akina mama. Alipopelekwa kusomea uuguzi wa magonjwa ya akili, jamaa zake wa Sironga walimpa pole, wakidhani ameadhibiwa. Alirudi na cheti, na tangu hapo hakuna aliyefaulu kumtoa kwenye kazi hiyo.

Wasomaji wa idara nyingine huenda wakauliza kazi yenyewe ni ipi. Nitaeleza taratibu. Ugonjwa mzito wa akili, ule wa kusikia sauti zisizokuwepo, mara nyingi hauji kwa siku moja. Kijana huanza kuwashuku majirani, au husikia kama ameitwa, akageuka asione mtu. Baadhi ya vijana wa namna hii huugua baadaye, wengi hawaugui. Lakini hata kabla hatujajua mwisho wake, maisha ya kila siku huwa yameanza kulegea: kuamka, kuoga, kusalimia watu, kumaliza kazi iliyoanzwa.

Hapo ndipo Sista Persis alipoweka jicho. Hakuanza na habari za sauti. Alisema tu, "Nieleze jana," kisha akanyamaza na kuandika, mtu asimulie tangu alipoamka hadi alipolala. Hata sisi wenzake hatukusalimika. Ukimwomba ruhusa kwa sababu ya kuumwa na kichwa, ilibidi kwanza ueleze jana, na mara nyingi sababu ya kichwa ilijitokeza yenyewe.

Mwaka 1994 aliletewa kijana wa Nyansiongo aitwaye Ogeto. Alikuwa ameacha shule, hali chakula na wenzake, na aliamini watu wa sokoni wanamsema. Jambo moja tu lilikuwa limesimama imara: kila asubuhi na jioni alimkamua ng'ombe wa mama yake na kupeleka maziwa barabarani. Kaka yake mkubwa, Manasseh, karani wa mjini, alitaka alazwe katika hospitali ya mbali kabla mambo hayajaharibika. Sista Persis alimsihi angoje. Wakakubaliana kwamba maadamu Ogeto anakamua, atakaa nyumbani.

Kwa miezi mitano jana za Ogeto zilikuwa na maziwa. Mwezi wa sita hayakuwemo. Aliamka, akakaa, akala, akalala. Sista Persis aliuliza mara mbili kama amekamua. Kijana akatikisa kichwa. Manasseh alikuwa amekuja na sanduku la nguo tayari. Kwa huzuni, Sista aliandika "amerudi nyuma", akaanza barua ya kumpeleka alazwe.

Mlangoni alikuwapo mzee Zachariah, mfagizi wetu, akingoja watoke apige deki. Akamwangalia Ogeto, akamuuliza, "Omomura, kijana wetu, ng'ombe yenu iko na mimba ya miezi ngapi?"

"Saba imeisha, tata. Nimeiachisha, ipumzike mpaka izae," akajibu Ogeto, akimwita tata, yaani baba, kwa heshima.

Kalamu ilisimama. Mgusii gani asiyejua kwamba ng'ombe aliye karibu kuzaa hakamuliwi? Sista Persis mwenyewe amelelewa kwa maziwa. Hakuwa amerudi nyuma Ogeto. Alikuwa amefanya kazi yake kwa akili kuliko sisi sote. Sista alicheka mpaka akavua miwani, akaichana barua ile mbele ya Manasseh, akamwomba Ogeto msamaha kwa heshima kama anayemwomba mtu mzima. Manasseh alirudi na sanduku lake, akiona haya kidogo.

Siku hiyohiyo Sista aliongeza mstari kwenye fomu yetu, nao upo hadi leo: Je, kazi yenyewe ipo? Kabla ya kuandika kwamba mtu hachumi chai, tunauliza kama mvua imenyesha na chai imechipua. Mstari huo mmoja umewasaidia vijana wengi kubaki nyumbani kwao.

Ogeto bado ana siku nzito, na Sista hujibu kwa ukali mtu akimsifu kwamba amemponya. Lakini miaka minne imepita, hajalazwa hata mara moja, na sasa anakamua ng'ombe watatu. Yule ndama aliyezaliwa, sasa ng'ombe mzima, anaitwa Persis. Nimeambiwa anapiga teke.

Asante, Sista, kwa subira yako, na kwa kutufundisha kusikiliza siku nzima ya mtu kabla ya kumhukumu. Nenda Sironga ukapumzike kama ng'ombe yule, bila mtu kukuuliza kwa nini. Tutakuja kukuona, na tukifika tutakaa kimya utueleze jana. Tunakuombea ziwe nyingi, na ziwe njema.