Shatha Anasomea Lugha ya Nani?

Benchi la kijiji cha Vitongoji, lililo mkabala na duka la mafuta ya taa, halijapata kumpumzisha mtu. Mzee Mbarouk alikaa pale alasiri ile akiwa amechoka hata kope. Asubuhi binti yake Shatha, aliye India mwaka wa tatu akisomea Kisanskriti, alimtumia ujumbe wa sauti: chuo kikuu kimempa nafasi ya miaka miwili zaidi, jibu linatakiwa leo, na bila radhi ya baba hatobaki. Mzee alikuja kutafuta kahawa na kimya. Kahawa aliipata. Kimya kitoke wapi, na Redio na Pasipoti wapo? Redio ni Jecha, hulijua jambo kabla halijatokea. Pasipoti ni Masoud, aliyefika Mombasa mara moja, basi ulimwengu mzima kaumaliza.

— Miaka miwili tena! Redio alimaka. Lugha ya nani hiyo, yakhe, isokwisha kusomwa?

— Ya Wahindi wa kale, Mzee Mbarouk alijibu kwa mara ya mia.

— Wa kale si washakufa?

— Washakufa.

— Sasa akishaijua atasema na nani?

— Na hao hao! Pasipoti akadakia. Miye Mombasa nlimwona Mhindi asoma kitabu, midomo yacheza, ntu wa kumjibu haonekani. Wako chini waitikia.

— Lahaula!

— Ndo wakubwa wakasema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hapo yaingiaje hiyo?

— Yaingia tu.

Redio akamsogelea Mzee Mbarouk, kama mwenye siri.

— Nkwambie kweli? Majini ya siku hizi Kiarabu yashakizowea, hayatishiki. Serikali yataka ntu wa kuyasemesha kwa lugha ngeni. Shatha atapewa ofisi mjini Chake, na gari.

— Ofisi gani weye! Pasipoti akapinga. Kule kuna vitabu vya kurushia ndege bila ya mafuta. Ntoto keshavijua, ndo maana hawamwachi. Mwana wa nyoka ni nyoka!

— Nyoka ni miye, Masoud?

— Nakusifu, Mzee wangu.

Mzee Mbarouk alishusha pumzi. Miaka mitatu alimtetea Shatha kwa mashemeji, kwa majirani, hata harusini. Sasa ulimi ulimwia mzito. Alitaka mwanawe arudi tu, aolewe au afundishe, watu wanyamaze. Aliona haya kulitaka hilo, lakini alilitaka.

— Nshachoka, alisema. Ntamwambia arudi.

Pembeni alikuwapo mgeni, Abdulnasir wa Kojani, aliyekuja kuchukua simu yake kwa fundi. Sasa yeye ndiye aliyeuliza.

— Samahani, Mzee wangu. Huko mwana asoma nini hasa?

— Vitabu vyao. Mashairi, hadithi.

— Hadithi gani?

Mzee Mbarouk alimtazama Redio, Redio akatazama kikombe. Pasipoti alijipangusa kanzu isiyo na vumbi. Miaka mitatu ya kumgombania mtoto, na baba mtu hakuwahi hata siku moja kumuuliza anasoma hadithi gani. Fedheha ilimpanda mpaka masikioni.

Akatoa simu, akabonyeza kurekodi sauti.

— Shatha, hiyo hadithi unayoisoma, yasemaje?

Jibu halikukawia.

— Baba! Kikafuata kicheko, kisha sauti yenye machozi ndani yake. Ni ndefu, baba. Nimefika nusu tu. Hiyo nusu ya pili ndiyo nnayoiombea miaka miwili.

Mzee Mbarouk alibonyeza tena. Hakujali nani anamtazama.

— Basi kaa uimalize, mwanangu. Lakini hiyo nusu ya kwanza usiniwekee. Nhadithie leo.