Suti ya Rinus

PIETERNEL: Haloo, duka la vifaa vya majini. Nani mwenzangu?

KRIJN: Haloo... habari za asubuhi, mama. Naitwa... De Vos.

PIETERNEL: Njema, bwana De Vos. Paza sauti, upepo unakumeza.

KRIJN: Natafuta suti ya mpira. Ya kuvutwa na tiara baharini nikiwa juu ya ubao, kwenye baridi hii. Naihitaji leo, sasa hivi ikiwezekana.

PIETERNEL: Leo? Maji ni nyuzi joto nne leo.

KRIJN: Najua.

PIETERNEL: Haya. Basi usiniulize habari ya unene wa milimita nne. Unataka sita mwilini, tano mikononi, na kofia iliyoshonwa pamoja na shingo. Urefu wako?

KRIJN: Mita moja na tisini na mbili.

PIETERNEL: Kifua?

KRIJN: Tisini na sita.

PIETERNEL: Ngongoti mwembamba. Kiuno —

KRIJN: Nipe tu iliyo kubwa kidogo, avae fulana ya sufu ndani, halafu —

PIETERNEL: Avae? Nani avae?

KRIJN: Nivae. Nimesema nivae.

PIETERNEL: Hebu sema tena "fulana ya sufu".

KRIJN: Ya nini tena?

PIETERNEL: Krijn.

[upepo unavuma kwenye simu]

PIETERNEL: Krijn, kibonge wewe unayeishia hapa begani mwangu, leo umerefuka mita moja na tisini na mbili? Nilikwambia nini kuhusu namba hii?

KRIJN: Nisiipige tena.

PIETERNEL: Na umeipiga. Kwa jina la uongo! Nakata.

KRIJN: Usikate! Pieternel, nakuomba, nisikilize dakika moja. Niko Brouwersdam, hapa juu ya ukuta wa kuzuia bahari. Yuko hapa. Anaijaza tiara upepo kwa pampu.

PIETERNEL: Nani?

KRIJN: Unajua nani.

PIETERNEL: Rinus hachezi tena.

KRIJN: Anacheza leo.

PIETERNEL: Mdogo wangu hachezi tena! Ana vidole vitatu mkono wa kulia, atashika nini? Umempeleka wewe. Mara hii tena, wewe!

KRIJN: Sijampeleka mie. Kanigongea saa moja asubuhi, ubao uko juu ya gari. Kaniambia, ukija njoo, usipokuja kaa. Nimemfuata nyuma.

PIETERNEL: Umemfuata nyuma. Na ile siku ulimfuata nyuma pia?

KRIJN: Pieternel —

PIETERNEL: Ulikuwa garini! Madirisha umepandisha, unakunywa supu ya njegere, na mwenzio yuko majini kamba imemsokota mkono. Vidole vimekufa ganzi, hawezi hata kubonyeza kifyatuo tiara imwachie. Dakika arobaini, Krijn. Watu wa boti ya uokoaji ndio waliomwona. Wewe ulikuwa unafuta kijiko.

KRIJN: Nilidhani ametokea upande wa pili. Nilidhani —

PIETERNEL: Ulidhani! Na suti yako ya kiangazi uliyomwazima, ikamwishia magotini, ulidhani nini? Yeye milimita tatu, wewe sita. Uliona heri joto likutoshe wewe, siyo?

[simu inakwaruza]

KRIJN: ...ndiyo. Ni mimi. Unataka nikatae? Sikatai. Nalala nayo, naamka nayo. Lakini hapa nilipo anavaa suti kuukuu, imepasuka magotini, kaipiga mkanda wa gundi. Tuliagiza mpya, nilimpima mwenyewe juzi jikoni kwangu. Ilikuwa ifike jana, haijafika. Duka lenye suti ndefu hivyo leo ni lako tu.

PIETERNEL: Mwambie angoje.

KRIJN: Nimemwambia. Kanijibu, wewe wa kuniambia ningoje?

PIETERNEL: Kakujibu vizuri.

KRIJN: Eeh, kanijibu vizuri. Cheka.

PIETERNEL: Sicheki. Na siuzi. Yeyote anayetaka suti ya kumuulia Rinus aende kwingine. Kwangu haitoki.

KRIJN: Mara ya kwanza pia haikutoka.

PIETERNEL: Unasemaje?

KRIJN: Basi. Ulimi umeniteleza.

PIETERNEL: Sema kama mwanaume.

KRIJN: Wiki moja kabla ya ile siku. Alikuja kwako kwanza. Akataka suti nene, ukamwambia asubiri mzigo wa Machi. Ndiyo maana akaja kuazima kwangu.

[upepo tu]

KRIJN: Haloo? Pieternel? Upo?

PIETERNEL: Nani kakwambia?

KRIJN: Yeye. Mara moja tu, hospitalini. Hajairudia mpaka leo, wala mimi sijamwambia mtu.

PIETERNEL: Ilikuwepo moja.

KRIJN: Nini?

PIETERNEL: Suti. Ilikuwepo moja, saizi yake. Mtu wa Rotterdam alipiga simu akasema nimwekee. Nikajiambia mteja ni mteja, ndugu atavumilia. Hakuja, Krijn. Yule mtu hakuja kabisa. Iko hapa nyuma, inaning'inia kwenye hanga. Siwezi kuiuza na siwezi kuitupa.

KRIJN: Basi ilete hiyo!

PIETERNEL: Umesema kifua tisini na sita. Ile ni mia na nne. Itampwaya.

KRIJN: Si atavaa fulana —

PIETERNEL: Achana na fulana yako, mjinga wewe! Suti inayopwaya inaingiza maji shingoni kila ukianguka, inayatoa, inaingiza mengine ya baridi. Ni bora ile yenye mkanda wa gundi. Inatakiwa imbane mpaka alalamike. Tisini na sita. Amekonda hivyo?

KRIJN: Amekonda.

PIETERNEL: Sikujua. Sijamwona bila koti.

KRIJN: Hujamwona kabisa. Tangu ulipoikata tiara yake kwa mkasi ili asirudi baharini.

PIETERNEL: Na nilikuwa sahihi.

KRIJN: Kaazima nyingine. Ulikuwa sahihi wapi?

PIETERNEL: Usinifundishe. Zipu anataka ya wapi?

KRIJN: Enh?

PIETERNEL: Zipu! Ya mgongoni ina kamba ndefu, ataivuta hata kwa mkono ule, lakini inavuja. Ya kifuani haivuji, ila kishikio chake ni kidogo kama kucha.

KRIJN: Hataki kuvalishwa na mtu. Hilo nakwambia.

PIETERNEL: Hajawahi kutaka. Ya kifuani basi, nitamfungia kitanzi cha kamba. Naleta saizi mbili, zote ndefu.

KRIJN: Unaleta? Unakuja mwenyewe?

PIETERNEL: Nimtume nani, wewe? Buti namba yake ni arobaini na sita, labda miguu nayo imekonda?

KRIJN: Miguu ni ileile. Na glavu, Pieternel. Za vidole vitano vile viwili vinabaki vitupu, vinajaa maji, vinanasa kwenye kamba. Zile zisizogawanya vidole hawezi kushikia —

PIETERNEL: Ninazo.

KRIJN: Zipi?

PIETERNEL: Mkono wa kushoto vidole vitano, wa kulia vitatu. Nimeziba kwa gundi na kushona juu yake.

KRIJN: Umezishona lini? Hata hatujamaliza kuongea.

PIETERNEL: Majira ya baridi yaliyopita.

KRIJN: Mwaka mzima unazo?

PIETERNEL: Yasikuhusu. Na usimwambie.

KRIJN: Pieternel, nasikiti—

PIETERNEL: Usithubutu. Usilianzishe hilo neno na mimi. Hata tukizikwa makaburi jirani sitakusamehe, tumeelewana?

KRIJN: Tumeelewana.

PIETERNEL: Yuko wapi sasa hivi?

KRIJN: Ngoja... yuko mchangani. Kamaliza kujaza, anatandaza kamba. Ngoja, anafunga mkanda wa kiunoni. Ee Mungu, ana haraka.

PIETERNEL: Dakika kumi na tano. Mzuie.

KRIJN: Nimzuieje? Nimekwambia hanisikili—

PIETERNEL: Kalia tiara.

KRIJN: Ati?

PIETERNEL: Tiara yake! Shuka hapo, nenda ukaikalie na hayo makalio yako mpaka nifike. Haitanyanyuka na wewe juu yake.

KRIJN: Simu inakufa, baridi imekula chaji. Na Rinus atanipiga, Pieternel. Namjua, atanipiga kweli.

PIETERNEL: Akupige. Nafunga duka.