Ng'ombe wa Gitobu Mwenye Chuchu Tano

Asubuhi hiyo benchi la Makandi, muuza kahawa wa soko la Gakoromone, lilijaa kwa sababu ya ng'ombe. Gitobu, fundi wa kuchora kuta za bucha, amechora ng'ombe huyo huyo miaka kumi na tisa, Meru mpaka Embu. Anaweka ukutani katoni iliyokatwa umbo la ng'ombe, anapaka rangi, kwisha. Siku ya kuikata kisu kiliteleza, ndio maana ng'ombe ana chuchu tano. Sasa mama mmoja wa maonyesho ya sanaa huko Nairobi anataka akamchoree ng'ombe arobaini, wote sawa, na anangoja jibu kabla ya saa sita. Gitobu alitaka kwenda, tena sana, ila aliogopa kuchekwa.

— Anasema ati kurudia-rudia ndiyo mbinu yangu, akasema.

— Maze, kama ni hivyo mimi ndio msanii! alidakia Lennox wa fotokopi. Jana nimetoa kopi mia mbili za kitambulisho kimoja.

Njoka, mwalimu mstaafu anayesahihisha hata salamu, akatikisa kichwa.

— Wewe unatoa kopi. Gitobu anarejelea.

— Tofauti ni gani?

— Wewe hujapigiwa simu na Nairobi.

— Na mimi je? akauliza Makandi. Kahawa ni hii hii kila siku.

— Yako inazidi kuwa maji, mama, akajibu Njoka.

— Yule wa Nairobi alisema chuchu ya tano ni swali kwa jamii, Gitobu akaongeza polepole.

— Si nilijua! Njoka akasimama. Nne ni za ndama. Ya tano ni ya serikali!

— Ngojeni, akasema Lennox. Kama kila bucha iko na ng'ombe huyo huyo, basi Meru nzima tumekula ng'ombe mmoja miaka kumi na tisa!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Gitobu naye alicheka, moyo umejaa. Hakuna aliyewahi kumwita msanii; alikuwa "wewe wa rangi" tu.

Hapo akafika mama mmoja, Kendi, akiwa na aproni mpya.

— Fundi ni nani? Nimefungua bucha ya mbuzi pale Kinoru. Unajua kuchora mbuzi?

Lennox akapuliza kikombe kisicho na kitu.

Gitobu akaokota kipande cha makaa, akachuchumaa, akachora kwenye simiti. Mkono ulienda wenyewe: mgongo, pembe, mkia. Mwisho akaongeza ndevu, aibu ikimchoma masikio.

— Huyo ni ng'ombe, akasema Kendi.

— Lakini ako na ndevu, Lennox akajaribu.

— Mama, hii ni mbinu, akasema Njoka. Anahoji umbuzi wenyewe.

— Mwalimu, mimi nauza nyama.

Gitobu akafuta mchoro kwa kiatu.

— Uko na mbuzi mzima, wa kuonekana?

— Wawili, wamefungwa nyuma ya bucha.

— Twende nikawaangalie.

— Na yule mama wa Nairobi? Lennox akapaza sauti. Saa sita inafika!

— Akipiga mwambie angoje, akasema Gitobu, akimwachia simu. Bado sijui kuchora.